Hoja Isiyo na Mikono

Usiku wa kuamkia leo niliota mlango wa ukumbi wa mihadhara umenizuia kuingia.

"Msimamo wako ni upi?" mlango ukaniuliza. Ulikuwa mlango uleule wa siku zote, wa mbao, wenye kitasa kilicholegea, ila sasa ulikuwa na sauti ya mzee aliyevuta sigara maisha yake yote.

Nikaujibu kwamba mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma siasa.

"Sijauliza unasoma nini. Nimeuliza msimamo. Hebu simama nione."

Nikasimama. Mlango ukanitazama kuanzia viatu hadi nywele, ukasema umewahi kuona misimamo mibaya kuliko huo, ukafunguka kidogo, nafasi ya kupita mtu kiubavu.

Kabla sijaingia, niseme nililala na nini moyoni. Naitwa Tunsume. Baba yangu alikuwa diwani kule kwetu Tukuyu, na alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Gari alilopanda akitoka kwenye kikao liliserereka kwenye tope la masika. Nimelelewa na mdogo wake, baba mdogo Ambokile, ambaye husafirisha viazi kwa pikapu yake. Nyumbani kwetu neno siasa halitajwi. Redio ikianza habari za bunge, baba mdogo hunyanyuka na kuizima, kisha hukaa tena kana kwamba alikwenda kufukuza kuku.

Hapa chuoni, Mbeya, mwaka wa kwanza tulisoma mchanganyiko wa masomo. Mwaka wa pili mtu huchagua moja la kubobea. Mimi nikachagua siasa. Nilipanga kumweleza baba mdogo ana kwa ana likizo ikifika. Aliyekuwa anajua ni mtu mmoja tu: Siwema, binti wa Pangani ninayekaa naye chumba kimoja hosteli.

Alhamisi mchana ujumbe wa baba mdogo ukaingia kwenye simu yangu. "Nasikia unasoma siasa. Nakuja Jumamosi tuongee."

Nikamtazama Siwema. Alikuwa anakunja nguo kitandani kwake. Hakuinua macho. Sikumuuliza kitu. Kuanzia hapo nilianza tu kumwangalia: anavyopokea simu, anavyotoka, anavyonisalimia. Hayo ndiyo niliyolala nayo.

Basi nikapita mlangoni.

Ndani, ukumbi wetu wa mihadhara umekuwa Bunge. Wabunge nusu ni watu na nusu ni vitu. Naona mwavuli, pasi ya hosteli, masufuria kadhaa, wote wamefunga tai. Hakuna anayeongea na jirani yake. Kila mmoja amekaa upande kidogo, ili amwone aliye nyuma. Siwa ya Bunge, lile rungu la mamlaka, imelala mezani, lakini imelala jicho moja likiwa wazi.

Kwenye kiti cha juu amekaa Spika. Ni spika kweli, ile kubwa nyeusi ya kukodi harusini, yenye wavu uliochanika pembeni.

Mhadhiri wangu, Dkt. Kokushubira, amevaa joho na anahesabu wabunge kwa kalamu. Darasani huwa hamwachi mtu atumie neno bila kulifafanua. Nikamsogelea nikamuuliza kama akidi imetimia.

"Waliopo wanatosha," akasema. "Wanaoaminiana ndio hawatoshi."

"Kanuni zinataka waaminiane?"

"Hazitaki. Ndiyo maana tunaendelea."

Spika akakohoa, madirisha yakatikisika. "Waheshimiwa wabunge, leo tuna hoja binafsi. Mtoa hoja ni Mheshimiwa Tunsume. Mheshimiwa, ilete hoja yako."

Sikujua kama nina hoja. Lakini ilikuwa imesimama nyuma yangu, imenishika sketi kwa meno.

Ilikuwa fupi, ikinifikia kiunoni. Uso wake ulifanana na wangu, ila wenye haya zaidi. Ilivaa sweta la kijani lililofumwa kwa mkono, na kifuani kulikuwa kumefumwa maneno: *Kwamba Tunsume aachwe aendelee kusoma siasa.* Sweta lilikuwa na mikono. Hoja haikuwa nayo. Mikono ya sweta ilining'inia mitupu.

"Mimi ni binafsi," ikaninong'oneza. "Usiwaache wanikodolee macho."

Nikaibeba nikaiweka mezani, karibu na siwa. Nusura iniangushe.

"Hoja nzito," mwavuli ukaiambia pasi.

"Tutaona," pasi ikajibu.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika."

Naifahamu sauti hiyo. Baba mdogo Ambokile amesimama upande wa pili wa ukumbi, na koti lake la kazini, udongo wa viazi bado uko mifukoni. Hanitazami mimi. Anaitazama hoja kama anavyotazama tairi aliyoambiwa ni mpya.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "hoja hii haina mashiko."

Bunge zima likainama kutazama. Ni kweli, haikuwa na chochote cha kushikia.

"Baba," nikaanza.

"Humu hakuna baba," Spika akanikatiza. "Kuna waheshimiwa."

"Mheshimiwa baba mdogo, mtu anaweza kuzaliwa hana mikono na bado..."

"Kaa chini, mwanangu," akasema baba mdogo.

"Humu hakuna mwanangu," akasema Spika, na baba mdogo akaomba radhi.

Ndipo Spika akatusomea kanuni. Hoja isiyo na mikono haiwezi kujishikilia mezani, kwa hiyo huanguka. Ikianguka imeanguka, hairudishwi. Ili isianguke lazima iungwe mkono. Hii yangu inahitaji kuungwa wa kulia na wa kushoto.

Nikanyanyua mkono wangu juu.

"Unafanya nini?" akauliza Spika.

"Naunga mkono."

"Huko ni kunyanyua. Kuunga ni kuunga. Mtu anatoa mkono wake, unaungwa kwenye hoja, anabaki bila."

"Basi nautoa."

"Mtoa hoja haungi hoja yake. Tafuta watu."

Nikalitazama Bunge. Kila niliyemtazama akaficha mikono mgongoni. Masufuria yalikuwa na masikio tu. Dkt. Kokushubira akasema yeye ni mtumishi wa Bunge, hana upande, akaonyesha, na kweli alikuwa kama picha iliyobandikwa, mbele tu.

Hoja ikaanza kuegemea upande mmoja.

Nikawaza Siwema. Nikawaza pia kwamba ndiye mtu wa mwisho ninayeweza kumwomba kitu. Nikauliza alipo. Pasi ikanyoosha waya wake kuelekea kushoto. "Yuko kambi ya upinzani," ikasema. "Amekuwa huko tangu Alhamisi."

Niliposikia Alhamisi, moyo ukaniambia ndiyo hiyo.

Upande wa kushoto wa ukumbi hauna ukuta. Ni mashamba ya chai ya kwetu Tukuyu, mvua nyepesi inanyesha, na katikati ya matuta kuna mahema. Natembea kwenye tope kwa viatu vya darasani. Kila hema ninalolipita linafunga zipu.

Siwema alikuwa mbele ya hema la mwisho, amejifunga khanga kiunoni, anakoroga sufuria kubwa. Alikuwa na simu sikioni. Aliponiona akaitumbukiza kwenye sufuria, akaendelea kukoroga.

"Unapika nini?" nikamuuliza.

"Mseto. Wanataka kuunda serikali."

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mtu."

"Mtu gani?"

"Shoga, sogea, moshi unakupata."

Sikusogea. Nikamtazama mikono. Alikuwa amepaka hina vidoleni, kama anavyofanya kila mwisho wa mwezi. Ilikuwa mikono ya mtu niliyekula naye sahani moja mwaka mzima, na nilikuwa naitazama kama mikono ya mgeni aliyekutwa chumbani.

Sufuria ikaita. Mlio ulitoka chini ya wali na choroko. Siwema akajifanya hasikii.

"Pokea," nikasema.

"Nikiacha kukoroga, mseto utaungua."

"Siwema, pokea."

Hema likaingilia kati. "Mimi nimesikia kila kitu tangu mwanzo," likasema, "ila siwezi kusema, mimi ni kambi."

Nikamnyang'anya mwiko, nikafukua. Chini kabisa simu ilikuwa inawaka, na sauti ya baba mdogo ikatoka pamoja na mvuke.

"Binti," sauti ikasema, "huyo mwenzako anakula?"

Siwema akanitazama. Kisha akainama akaijibu sufuria, kwa sauti ileile ya heshima anayotumia kwa wakubwa.

"Shikamoo baba. Anakula, lakini kidogo. Anasoma hiyo siasa yake mpaka anasahau chakula cha mchana. Mimi humwekea."

Mseto ukatoa povu moja, likapasuka.

"Siasa gani?" sufuria ikauliza.

Siwema akajiinua taratibu, mkono kiunoni. "Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa hajui," akaniambia. "Nilidhani ulishamwambia. Alinipigia kuuliza kama unakula, basi."

Nilitaka kumwamini. Badala yake nikasema, "Umefundishwa kusema hivyo."

"Na nani?"

"Sijui. Ndiyo nachunguza."

"Haya."

"Kama ni kweli, mbona hukuniambia siku ileile?"

Akachukua mwiko wake kutoka mkononi mwangu. "Nilitaka kukuambia. Ila nilipogeuka ulikuwa umeshaanza kuniangalia hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Kama unavyoniangalia sasa."

Hema likasema, "Hilo nalo nililisikia."

Kengele ya Bunge ikalia. Mvua ikakatika. Nikageuka, na mashamba hayapo tena. Tuko sebuleni kwetu, Tukuyu, Bunge zima limebanana kwenye makochi yenye vitambaa vya mama. Mwavuli umekaa juu ya televisheni. Spika amewekwa kwenye stuli. Hoja yangu iko juu ya meza ya chakula, imeinama sana sasa, imebana kingo za meza kwa kidevu.

Kwenye kona, karibu na dirisha, kiko kiti cha baba.

Baba alipofariki, watu walisema kiti kiko wazi. Nilikuwa mdogo, nikaelewa vibaya. Sasa naona sikuelewa vibaya. Kiti kiko wazi kabisa, kama dirisha lililosahauliwa, na upepo baridi unatoka ndani yake na kupeperusha vitambaa vya makochi.

"Hukujazwa?" nikakiuliza. "Nakumbuka kulifanyika uchaguzi mdogo."

"Ulikuwa mdogo mno," kiti kikasema. "Ulipita chini ya meza, hakuna aliyeuona. Na yule waliyempata alikaa kwenye kiti cha kata. Mimi ni kile cha nyumbani. Mimi hakuna aliyenigombea."

Baba mdogo alikuwa amesimama pembeni ya kiti hicho. Nikagundua kwamba miaka yote sijawahi kumwona amekikalia. Hupitia kwa nyuma yake akienda kufunga dirisha.

"Mheshimiwa Spika, naomba kuchangia," akasema.

"Changia."

Akavua kofia. Aliongea akiitazama ile kofia.

"Kaka yangu aliondoka asubuhi. Akasema anakwenda kikao, akirudi atakula. Shemeji akamfunikia chakula. Kikakaa hapo mezani, hapo iliposimama hiyo hoja, mpaka kesho yake. Mimi ndiye niliyekifunua." Akaikunja ile kofia. "Simkatazi mtoto kusoma. Nakataza vikao."

"Fafanua," akasema Dkt. Kokushubira kutoka kwenye kochi. "Siasa bila vikao inakuwaje?"

"Sijui, mwalimu. Mimi nabeba viazi."

Hoja ikateleza. Kidevu kiliachia meza, ikabaki imeshikwa na kisigino tu. Nikasimama bila kuomba ruhusa.

"Mheshimiwa baba mdogo," nikasema, "sisomi siasa ili niondoke. Nyumba nzima tunazima redio. Sijawahi kuambiwa baba alikuwa anakwenda kusema nini huko. Kila mtu anakumbuka namna alivyokufa, hakuna anayeniambia alikuwa anataka nini. Mimi nataka kujua kilichokuwa kinamtoa humu ndani asubuhi, na bado anaahidi kurudi kula."

Baba mdogo akavaa kofia yake. Upepo wa kile kiti ukavuma. Nikamshuku hata yeye, kwamba amenyamaza ili muda wangu uishe.

"Muda umekwisha," akasema Spika. "Itapigwa kura ya siri."

Dkt. Kokushubira akagawa mashuka. Kila mbunge akajifunika gubigubi: watu, masufuria, pasi, kila mmoja. Sebule yetu ikajaa mashuka meupe yaliyokaa kimya yakishukiana. Sikujua tena nani ni nani. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki bila shuka, kwa kuwa mtoa hoja hana siri.

Nasikia uzi unapita kwenye kitambaa. Mtu anavuta pumzi kama anayetolewa mwiba. Shuka moja linasogea kuelekea mezani, linarudi. Siwa imefungua jicho la pili na inanitazama mimi, si wao.

Kisha shuka jingine linasimama. Linakaa limesimama muda mrefu. Naona linakwenda mezani kwa hatua za mtu asiyetaka kufika, linainama, na halirudi haraka.

"Fumbua macho," akasema Spika, ingawa sikuwa nimefumba.

Hoja yangu ilikuwa imekaa wima katikati ya meza. Mkono wake wa kulia ulikuwa na hina vidoleni.

Nilipouona mkono ule nikajua ni wa Siwema. Alitoa akijua ninavyomwangalia. Nikataka kwenda kumtafuta, nivute mashuka yote mpaka nimwone, lakini siwa ikanyanyuka ikasimama mbele yangu.

"Kura ni siri," ikasema.

"Huyu nimeshamjua."

"Basi umeshajua. Rudi."

"Na wa kushoto? Ni wa nani?"

Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya sweta mpaka mwisho. Sikuona hata kucha. Hoja ikaunyoosha taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, ikanishika kifundo cha mkono kupitia sufu. Ilinishika sana. Ilinishika kama mtu anayevuka na mtoto barabara.

"Niambie tu ni wa nani," nikaisihi siwa. "Sitamwambia mtu."

"Ndivyo wanavyoanza wote," siwa ikajibu.

Nikayatazama mashuka, nikitafuta lililobonyea upande mmoja, mahali ambapo mkono haupo. Lakini upepo wa kile kiti ulikuwa unayapeperusha yote, na kila moja lilibonyea kila upande. Spika akatangaza kwamba, kwa maoni yake, waliosema ndiyo wameshinda. Alitangaza kwa sauti kubwa kiasi kwamba nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Jua lilikuwa limefika kwenye ndoo zetu za maji. Siwema alikuwa ameketi kitandani kwake na kikombe cha chai, anakoroga sukari kwa mkono wa kushoto, na nusu ya chai iko kwenye kisahani.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Huu mkono wa kulia sijui umepatwa na nini. Nimeamka umekufa ganzi, mpaka begani. Nausugua, hauamki."

Nikashuka kitandani. Nikamchukulia kikombe, nikakoroga, nikamshikia anywe.

"Siwema," nikasema, "baba mdogo alikupigia simu?"

Akameza kwanza. "Alipiga. Aliuliza kama unakula. Mimi nikajua anajua, nikamtajia hiyo siasa. Ningekuambia, ila..."

"Najua," nikasema. "Ni mimi nilivyokuwa nakuangalia."

Akashtuka kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeyatoa maneno mdomoni mwake. Nikauchukua mkono wake wa kulia nikaanza kuusugua. Ulikuwa baridi, mzito, kama umeazimwa na kurudishwa haujafutwa vumbi.

Simu yangu ikalia juu ya mto. Ni ujumbe wa baba mdogo. Nilisita kuufungua. Kisha nikaufungua, nikamsomea Siwema kwa sauti, maana sikutaka tena kitu cha kusoma peke yangu.

"Mwanangu, nitachelewa. Nimeamka mkono wa kushoto hauna nguvu kabisa, sijui niliulaliaje, siwezi hata kubadili gia. Napanda basi. Nina redio ndogo ya marehemu baba yako, nakuletea. Mle vizuri."

Siwema akautazama mkono wake uliokuwa mapajani mwangu. Akaitazama simu. Kisha akanitazama mimi, taratibu, kuanzia miguuni hadi kichwani, na akauvuta mkono wake akauficha chini ya khanga.

"Tunsume," akasema, "jana usiku ulikuwa wapi?"